Asili ya Matabaka ya Wahindu wa Kale

Watu wengi hudhani ya kuwa kugawanyika kwa Wahindu matabaka manne ni jambo walilokuwa nalo tangu mwanzo wa dini yao. Atazamaye vitabu vyao wenyewe ataona sivyo.

Kitabu chao kikongwe kuliko vyote ni Rigveda, mkusanyo wa nyimbo ambazo wanazuoni hukadiria zilitungwa baina ya mwaka 1500 na 1000 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Katika nyimbo zake za zamani neno varna, maana yake rangi, hutenga watu wa namna mbili tu: Arya, ndio wenye nyimbo hizo, na Dasa, adui zao. Tena mna wimbo ambao mtungaji wake ajitaja kuwa ni mshairi, baba yake tabibu, na mama yake msaga nafaka. Nyumba moja, kazi tatu, wala haoni aibu!

Basi hayo manne yametoka wapi? Katika Rigveda yametajwa pamoja mahali pamoja tu, katika wimbo wa Purusha, uliomo katika juzuu ya kumi, na juzuu hiyo ni katika zilizotungwa mwisho. Wimbo huo wasimulia kuwa Purusha alitolewa dhabihu, kinywa chake kikawa Brahmana, yaani makuhani. Mikono yake ikawa watawala. Mapaja yake Vaishya, watu wa mali. Na miguuni mwake wakatoka Shudra watumishi. Zingatia, ewe msomaji, kwamba waliozihifadhi nyimbo hizo ndio hao hao waliopata kinywa.

Hata hivyo wimbo haukukataza kuoana wala kula pamoja. Makatazo hayo yalizidi kukazwa baadaye katika vitabu vya sheria, na mashuhuri wake ni cha Manu, kilichotungwa baina ya mwaka 200 kabla ya Nabii Isa na 200 baada yake. Humo cheo cha mtu kimefungwa kwa kuzaliwa. Na uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2013 umeonyesha kwamba watu wa Bara Hindi walichanganyika sana hata kadiri ya miaka 1900 iliyopita, kisha ndoa za nje zikaadimika.

Mwanachuoni wetu Al-Biruni, aliyeandika habari za Hindi kadiri ya mwaka 1030, ametaja matabaka hayo manne, na chini yake watu wasiohesabiwa katika tabaka lolote, wakaao nje ya miji: washona viatu, wafuma nguo, mabaharia na wavuvi. Sisi watu wa pwani tusomapo hayo twajua tungaliwekwa wapi. Akasema jambo hili ndilo kubwa liwazuialo Wahindu na Waislamu kuelewana. Wala hakuwacheka, alikumbusha kuwa wafalme wa Uajemi wa kale nao waliwapanga raia zao kwa daraja, asiruhusiwe mtu kuivuka ya kwake.