Paneli au Amri? Kumwandaa Mwalimu Atakayetunza Seva ya Tovuti ya Shule

1. Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi anapofika katika kituo chake cha kazi, aghalabu hukabidhiwa majukumu ambayo hayakutajwa chuoni. Yule aonekanaye kuijua kompyuta huambiwa aitunze tovuti ya shule, au seva ndogo inayowapa wanafunzi masomo darasani. Papo hapo hukabiliwa na swali: aiendeshe seva hiyo kwa paneli ya kudhibiti au kwa kuandika amri? Makala hii inakusudia kumsaidia mwanachuo kulijibu swali hilo, na kumwonyesha namna ya kuwafundisha wenzake. Tunashikilia kwamba hakuna njia iliyo bora mahali pote. Vipimo ni viwili: kazi yenyewe, na mtu atakayeirithi kazi hiyo.

2. Maana ya maneno

Seva ni kompyuta inayokesha ikingoja kuombwa kurasa, kisha ikazitoa. Seva nyingi za tovuti huendeshwa kwa Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Toleo lake moja, Ubuntu, lililotoka mwaka 2004, limepewa jina kutoka lugha za Kibantu za kusini mwa Afrika. Neno hilo ni ndugu wa neno letu "utu".

Paneli ya kudhibiti ni ukurasa wenye picha na vitufe, unaofunguliwa katika kivinjari. Miongoni mwa zinazojulikana ni cPanel, iliyotokea mwaka 1996, na Webmin ya mwaka 1997. Amri ni sentensi fupi inayoandikwa na kupelekwa kwa seva. Kwa seva iliyo mbali, amri hupitishwa katika SSH, njia ya siri iliyotungwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen huko Finland, baada ya maneno ya siri kuibwa katika mtandao wa chuo kikuu chake.

Hapana budi mwanachuo alishike jambo moja tangu mwanzo. Paneli haina nguvu zake yenyewe. Kila kitufe kinapobofywa, nyuma yake faili hubadilishwa au amri hutekelezwa.

3. Mfano wa shule

Tuseme shule moja ya msingi katika Kata ya Sokon I, jijini Arusha, ina tovuti ambayo jina lake huishia na sc.tz, sehemu iliyotengewa shule katika kikoa cha Tanzania. Walimu wanne huweka humo matangazo na ratiba. Mwalimu mmoja tu ndiye anayeijua seva. Mwezi Januari mwalimu huyo anapata uhamisho. Je, ni nini kitakachobaki shuleni?

(a) Faida na kasoro za paneli. Walimu wanne wanaweza kupewa akaunti zao, kila mmoja na mamlaka yake, nao wataanza kazi baada ya maelezo ya saa chache. Vitufe huonyesha mambo yanayowezekana, hata kwa mtu asiyekumbuka jina la jambo analolitaka. Hata hivyo, paneli nayo ni programu: hula kumbukumbu ya seva na huhitaji kutunzwa. Nyingine hulipiwa, na bei hubadilika. Mwaka 2019 cPanel ilianza kutoza kulingana na idadi ya akaunti. Aidha, paneli ni mlango wa ziada. Mwaka huo huo iligunduliwa kwamba baadhi ya matoleo ya Webmin yalikuwa yametiwa msimbo wa hila, ulioweza kumpa mgeni mamlaka juu ya seva nzima. Shule inayoweka majina ya watoto katika seva haiwezi kulipuuza jambo hilo, hasa baada ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

(b) Faida na kasoro za amri. Amri ni herufi chache, kwa hiyo hupita hata mawasiliano yakiwa hafifu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilidorora nchini Tanzania. Katika hali kama hiyo ukurasa wenye picha huweza kushindwa kufunguka ilhali mstari mmoja wa maandishi unafika. Paneli yenyewe ikizimika, amri ndiyo itakayoiinua. Lakini amri haina huruma. Amri ya kufuta, "rm", kwa kawaida haimuulizi mwandishi kama amekusudia kweli, na herufi moja iliyokosewa huweza kuondoa kazi ya mwaka mzima.

4. Somo la mfano: amri kama sentensi

Kikwazo kikubwa ni kwamba majina ya amri ni vifupisho vya Kiingereza. Mwalimu asiwape wanafunzi orodha ya kukariri. Yafaa aanze na sarufi wanayoijua tayari. Aandike ubaoni:

cp -r tovuti akiba

Kisha awaulize: tendo ni lipi? Ni "cp", yaani nakili. Namna ya kutenda ni ipi? Ni "-r", yaani pamoja na vyote vilivyomo ndani. Kinachotendwa ni "tovuti", na mahali pa kukiweka ni "akiba". Wanafunzi wataona kwamba maneno mawili ya mwisho ni ya Kiswahili, kwa sababu majina ya mafaili tunayachagua wenyewe. Mwalimu amalizie kwa onyo: nakala iliyomo katika seva ile ile itapotea pamoja na seva. Nakala ya pili ikae nje.

Hatua ya pili ni kuiagiza seva ifanye kazi kila usiku bila kukumbushwa. Muda huandikwa hivi:

0 2 * * *

Tarakimu ya kwanza ni dakika, ya pili ni saa. Hapa pana mtego kwa msemaji wa Kiswahili. Ataisoma saa mbili, lakini mashine huanza kuhesabu saa sita usiku. 2 yake ni saa nane usiku kwetu. Tena seva nyingi hufuata majira ya ulimwengu, yaliyo nyuma ya majira ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Katika seva ya namna hiyo kazi itafanyika saa kumi na moja alfajiri. Paneli haiuondoi mtego huu, maana visanduku vyake huuliza tarakimu zizo hizo. Hivyo anayetumia paneli pia anahitaji ujuzi huu.

5. Njia tunayopendekeza

Kanuni ya kutoka kwenye lijulikanalo kwenda kwenye lisilojulikana inafaa hapa. Mwanachuo aanze na paneli ili azijue sehemu za seva. Kisha arudie kazi zile zile kwa amri, katika kompyuta ya mazoezi isiyo na kumbukumbu za watoto. Akifika shuleni, matangazo ya kila siku yapitie paneli, kwa kuwa yana mikono mingi. Nakala za akiba, marekebisho ya mfumo na uokoaji vifanywe kwa amri.

Sababu yetu kuu ni uhamisho. Maelezo ya "bofya hapa, kisha pale" huchakaa paneli inapobadilishwa sura. Amri huandikwa kama ilivyo, nayo husomwa na kurudiwa na mwingine. Kwa hiyo kila shule iwe na daftari la seva lenye safu nne: tarehe, amri, sababu, na jina la aliyeitoa. Maneno ya siri yasiandikwe humo; yatunzwe kwa mwalimu mkuu.

Tunashauri pia kwamba walimu wasiopungua wawili waweze kufanya mambo matano kwa kulifuata daftari hilo: kuingia katika seva, kuangalia nafasi iliyobaki, kunakili, kurudisha nakala, na kuwasha upya huduma ya tovuti. La nne lijaribiwe kila muhula, kwa maana nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni matumaini tu. Siku mwalimu atakapopokea barua ya uhamisho, mwenzake ayafanye yote matano mbele yake, naye asiguse kibodi.

6. Maswali ya kujadili

(i) Taja kazi tatu za seva ya shule ambazo ungeziacha katika paneli. Toa sababu.
(ii) Seva inafuata majira ya ulimwengu. Andika muda wa kazi itakayofanyika kila siku saa saba usiku kwa saa zetu.
(iii) Tunga somo la dakika 40 la kumfundisha mwalimu asiyejua Kiingereza vizuri amri tatu za kwanza.