Ukuta, Mashamba na Madeni

SABATO MCHANA

*Soma kwa ajili ya somo la juma hili:* Nehemia 3, Nehemia 5, Mambo ya Walawi 25:1–28, 35–37, Kumbukumbu la Torati 15:1–11.

*Fungu la kukariri:* Mambo ya Walawi 25:23.

Ukuta wa Yerusalemu ulimalizika kwa siku 52 (Nehemia 6:15). Wengi hukumbuka hila za Sanbalati na Tobia, na wajenzi waliofanya kazi huku silaha ziko karibu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba katikati ya habari hiyo ya ujenzi kuna sura nzima inayohusu rehani, riba na watoto waliotolewa utumwani ili deni lilipwe.

Sura hiyo ndiyo msingi wa somo la juma hili. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha malengo 17 ya maendeleo endelevu. La kwanza ni kukomesha umaskini, na la kumi ni kupunguza pengo kati ya walio nacho na wasio nacho. Mambo hayo yote mawili yalikuwa mbele ya Nehemia. Aliyashughulikia kabla ya milango ya mji kuwekwa, wakati adui akiwa bado nje.

JUMAPILI: Wajenzi Wenye Njaa

*Soma Nehemia 3:5, 8, 12 na Nehemia 5:1–5. Ni nani waliojenga? Ni nani waliolia, na walimlilia nani?*

Orodha ya wajenzi katika sura ya 3 huwachosha wasomaji, nao huiruka. Ni hasara kuiruka. Wamo wafua dhahabu na watengenezaji wa marashi, watu ambao mikono yao haikuzoea mawe. Yumo Shalumu, mtawala wa nusu ya wilaya, pamoja na binti zake. Kila jamaa ilipewa kipande chake, mara nyingi kile kilicho mbele ya nyumba yake. Ni wakuu wa Tekoa tu wanaotajwa kwamba hawakukubali kuinama, ingawa watu wao wa kawaida walijenga, tena wakaongeza kipande cha pili (Nehemia 3:27).

Kisha inakuja sura ya 5, na hapo inaonekana kwamba watu waliosimama bega kwa bega ukutani hawakula meza moja. Vinatajwa vilio vitatu. Wa kwanza wana watoto wengi na hawana nafaka. Wa pili wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wanunue chakula wakati wa njaa. Wa tatu wamekopa ili walipe kodi ya mfalme wa Uajemi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekopa kwa ajili ya anasa, na Biblia haisemi neno lolote juu ya uvivu wao. Chakula kilikosekana, midomo ya kulisha ilikuwa mingi, na mtoza kodi hakungoja.

Fungu la 1 linawataja wake pamoja na waume, jambo lisilo la kawaida katika habari za namna hii. Mama ndiye ajuaye unga umebaki kiasi gani mtunguni. Mabinti nao walitangulia kuchukuliwa (fungu la 5), na wazazi wakakiri kwamba hawakuwa na uwezo wa kuwakomboa, kwa kuwa shamba ambalo lingewapa fedha lilikuwa tayari mikononi mwa mkopeshaji. Yeyote aliyewahi kuona mama ntilie akikopa mkopo wa “kausha damu” ili alipe mkopo mwingine wa “kausha damu” anaielewa sura hii bila mfafanuzi.

*Katika kanisa au mtaa wako, ni nani wanaofanya kazi ya pamoja vizuri lakini hawajui hali za nyumbani za wenzao?*

JUMATATU: Kwa Nini Mkutano?

*Soma Nehemia 5:6–13. Angalia mpangilio wa hatua za Nehemia.*

Alikasirika sana, akafikiri moyoni mwake, ndipo akasema. Kati ya hasira na maneno kulikuwa na kufikiri, na mpangilio huo una thamani yake. Aliwakemea wakuu waziwazi, tena akaitisha mkutano mkubwa juu yao.

Angeweza kwenda nyumba kwa nyumba na kuwaomba matajiri wawe na huruma. Baadhi wangekubali na wengine wangekataa. Mdaiwa wa yule mwenye moyo laini angepona na jirani yake angeangamia. Tena mdaiwa akiwa peke yake huwa na aibu. Hujificha na kupita njia ya nyuma asikutane na anayemdai. Katika mkutano aibu ilihamia upande wa pili: wakopeshaji walinyamaza, hawakupata la kusema (fungu la 8).

Nehemia hakusimama nje ya jambo hilo. Katika fungu la 10 anakiri kwamba yeye, ndugu zake na watumishi wake pia walikopesha fedha na nafaka, kisha anasema riba hiyo iachwe. Ombi lake halikuwa sadaka ya chakula, ambayo ingemfikia mwenye njaa kwa siku mbili tatu. Alitaka siku hiyo hiyo warudishe mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba, pamoja na “sehemu ya mia” ya fedha na mazao. Wafafanuzi wengi huichukua sehemu hiyo kuwa riba ya kila mwezi, yaani asilimia 12 kwa mwaka. Kwa mikopo ya mitaani leo, hiyo ingeitwa riba ya rafiki.

Walipokubali, hakuridhika na neno la mdomo. Aliwaita makuhani na kuwaapisha, akakung'uta vazi lake mbele ya wote, na mkutano wote ukaitika Amina. Mafungu ya 14–18 yanaongeza kwamba kwa miaka 12 hakula posho ya liwali, ingawa watu 150 walikula mezani pake.

JUMANNE: Mwaka wa Hamsini

*Soma Mambo ya Walawi 25:8–17, 23. Bei ya shamba ilipangwaje?*

Nehemia hakubuni sheria mpya. Kila mwaka wa saba ardhi ilipaswa kupumzika na madeni kuachiliwa. Kila mwaka wa hamsini, yaani yubile, shamba lilirudi kwa jamaa yake. Kwa hiyo shamba lenyewe halikuuzwa. Kilichouzwa ni hesabu ya mavuno yaliyobaki hadi yubile (fungu la 16). Mtoto aliyezaliwa katika nyumba iliyofilisika alijua kwamba kufilisika kwa baba yake kuna mwisho.

Sheria hiyo inaiunganisha ardhi na maskini pasipo kuvitenganisha: shamba linapumzika na mdaiwa anapumzika. Kumbukumbu la Torati 15:9 linamwonya mtu anayepiga hesabu na kukataa kukopesha kwa kuwa mwaka wa saba umekaribia. Mtoa sheria aliwajua wakopeshaji.

JUMATANO: Mnyororo wa Watu Birmingham

*Soma tena Mambo ya Walawi 25:10. Je, yubile inaweza kuhusu mataifa?*

Mapema miaka ya 1990 Waingereza wawili, Martin Dent, mwalimu wa chuo kikuu, na Bill Peters, balozi mstaafu, waliuliza swali hilo. Nchi nyingi za Afrika zilikuwa zimekopa katika miaka ya 1970, fedha zilipokuwa rahisi. Kisha riba ya dunia ikapanda, na bei za kahawa, pamba na mazao mengine ya kuuza nje zikashuka. Kufikia miaka ya 1980 serikali ziliwatoza wazazi ada za shule na wagonjwa malipo ya hospitali, huku fedha za kigeni zikienda kwa wadai. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa miongoni mwa walioipinga hali hiyo hadharani.

Kampeni iliyozaliwa na wazo hilo iliitwa Jubilee 2000. Jina lake lilitoka moja kwa moja katika Walawi 25. Tarehe 16 Mei 1998, viongozi wa mataifa manane tajiri walipokutana Birmingham, watu wapatao 70,000 walishikana mikono na kuzunguka katikati ya mji huo. Walikuwepo wanachama wa makanisa ya namna nyingi, wastaafu, wanafunzi, na watu wasio na dini yoyote. Sahihi zilizokusanywa ulimwenguni zilipita milioni 20. Mwaka 1999, huko Cologne, Ujerumani, mataifa hayo yalikubali kupanua mpango wa kuzipunguzia madeni nchi maskini. Mwaka 2005 huko Gleneagles, Scotland, yalikwenda mbali zaidi, yakakubali kufuta madeni ambayo nchi zilizotimiza masharti zilidaiwa na Benki ya Dunia, Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Maendeleo ya Afrika.

*Kila mtu katika mnyororo ule alishika mikono miwili tu. Jambo hilo linafananaje na orodha ya Nehemia 3?*

ALHAMISI: Fedha Zilikwenda Wapi?

*Soma Nehemia 5:12, 13. Kwa nini kiapo kilihitajika baada ya watu kukubali?*

Tanzania ilimaliza masharti ya msamaha wa madeni Novemba 2001, na kuanzia Januari 2002 ada ya shule za msingi haikutozwa tena. Mwaka 2001 shule hizo zilikuwa na wanafunzi karibu milioni 4.8. Mwaka 2004 walikuwa wapata milioni 7. Madarasa yalifurika, madawati hayakutosha, na walimu walizidiwa, lakini watoto waliokuwa wakichunga mbuzi au kuuza karanga sasa walikuwa wamejibana darasani.

Uganda inatoa fundisho la namna nyingine. Ilikuwa nchi ya kwanza kumaliza masharti ya mpango huo, mwaka 1998. Lakini utafiti uliofuatilia ruzuku za serikali kati ya 1991 na 1995 ulikuwa umeonyesha kwamba, kwa wastani, shule za msingi zilipata asilimia 13 tu ya fedha zilizotengwa kwa ajili yao. Ndipo serikali ikaanza kutangaza viwango hivyo magazetini na kuagiza vibandikwe kwenye mbao za matangazo shuleni. Mzazi akawa anajua shule ya mtoto wake imetumiwa shilingi ngapi, na akaweza kuuliza. Kufikia mwaka 2001 sehemu iliyofika ilikuwa imepita asilimia 80. Kilichowazuia wezi hapo kilikuwa karatasi ukutani na wazazi wanaojua kusoma.

Si kila kitu kilidumu. Zambia, iliyosamehewa sehemu kubwa ya madeni yake kuanzia 2005, ilishindwa kuwalipa wadai wake Novemba 2020. Pengine ndiyo sababu Walawi hawaizungumzii yubile moja bali yubile zinazorudi, kila kizazi na yake.

IJUMAA: Maswali ya Kujadili

1. Nehemia alikiri kwamba nyumba yake nayo ilikopesha. Mkutano ungekuwaje kama angenyamaza kuhusu hilo?

2. Vikundi vya kuweka na kukopa vipo karibu kila kanisa. Je, kikundi chenu kina utaratibu gani kwa mwanachama ambaye amefiwa au mazao yake yameharibika? Riba inasimama, au inaendelea kuhesabiwa?

3. Mtu mmoja darasani anasema kwamba madeni ya mataifa ni siasa na hayana nafasi katika Shule ya Sabato. Mwingine anajibu kwa kutumia Nehemia 5:4, ambapo deni lilitokana na kodi ya mfalme. Mngeendelezaje mazungumzo hayo bila kugombana?

4. Ni taarifa gani ya fedha, katika shule, zahanati au kanisa lenu, ambayo watu wangeiuliza kama ingebandikwa ukutani? Ni nani anaweza kuomba ibandikwe?

5. Wakuu wa Tekoa hawakuinama, bali watu wao walijenga vipande viwili. Mfanye nini pale viongozi wanapokataa na kazi bado ipo?