Mafunzo Niliyopata Nikifundisha Mawasiliano ya Seli Nyasubi

Nafundisha Baiolojia kidato cha tano na cha sita hapa Nyasubi, Kahama. Mada inayowatoa jasho wanafunzi wangu ni ile ya seli kupokea na kupitisha ujumbe, hasa pale protini za G zinapoamsha kinasi za tairosini. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Anza na ujumbe, majina yafuate

Wanafunzi wengi hapa wana ndugu machimboni. Wanajua kwamba aliye juu ya duara (shimo la mgodi) akitikisa kamba, wa chini anaelewa, na wa juu hana haja ya kushuka. Homoni nyingi nazo hubaki nje ya seli. Hushika tu kipokezi kilichopenya utando. Binadamu ana takriban aina 800 za vipokezi vinavyotumia protini za G. Kipokezi kikishikwa, protini ya G huachia GDP na kuchukua GTP, kisha sehemu yake ya alfa hujitenga na zile za beta na gama, kila upande ukaenda kufanya kazi yake. Ugunduzi wa protini hizi uliwapa Alfred Gilman na Martin Rodbell Tuzo ya Nobel mwaka 1994.

2. Usifundishe njia mbili kana kwamba hazikutani

Kinasi za tairosini ni vimeng'enya vinavyobandika fosfati kwenye tairosini, mojawapo ya asidi amino 20 zinazojenga protini. Tunazo karibu 90, na nyingi husimamia ukuaji. Mwanafunzi aliyezikariri kwenye ukurasa wake, na protini za G kwenye ukurasa mwingine, hukwama ukimuuliza: kwa nini angiotensini II, homoni inayopandisha presha kupitia protini ya Gq, huchochea pia seli za misuli ya mishipa kukua? Jibu liko kwenye makutano ya njia hizo.

3. Onyesha makutano moja baada ya jingine

Mimi hutaja matatu. La kwanza ni la kugusana: mwaka 2000 watafiti wa New York walionyesha kwamba alfa ya protini za Gs na Gi hushika kinasi iitwayo Src na kuiamsha zenyewe. La pili hupitia kalsiamu: Gq huamsha kimeng'enya cha fosfolipasi C, kalsiamu huongezeka ndani ya seli, na kinasi ya Pyk2 huamka. La tatu huzungukia nje. Mwaka 1996 Axel Ullrich na wenzake, Ujerumani, waliona kwamba vichocheo vya vipokezi vya protini za G huwasha pia kipokezi cha EGF (kichocheo cha ukuaji), ambacho chenyewe ni kinasi ya tairosini. Baadaye ikajulikana namna: kimeng'enya cha utando hukata protini iliyojishikiza nje ya seli, na kipande kinachoachiwa ndicho hukishika kipokezi hicho.

4. Kuzima kuna uzito sawa na kuwasha

Kwa kawaida alfa huigeuza GTP kuwa GDP na kutulia. Sumu ya kipindupindu huizuia alfa ya Gs kufanya hivyo kwenye utumbo. Alfa ikibaki imewaka, cAMP, mjumbe wa ndani ya seli, hujaa, kloridi hutoka, maji hufuata. ORS huokoa maisha kwa sababu glukosi na sodiamu huingia kwa mlango mwingine ambao sumu hiyo haijauziba. Kwa upande wa kinasi, katika aina moja ya saratani ya damu, kinasi iitwayo BCR-ABL hubaki imewaka. Dawa ya imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huizima.

5. Pima uelewa kwa kufunga hatua

Siulizi tena "taja". Nauliza: tukiizuia Src, homoni ingali ipo, kipi kitakoma na kipi kitaendelea? Mgonjwa wa presha akimeza losartan, ujumbe umezuiwa wapi? Anayejibu kwamba dawa imefunga kipokezi chenyewe, hivyo Gq na kinasi zote zilizo mbele yake hazipati ujumbe wa angiotensini, ameelewa mada hata kama amesahau jina moja au mawili.

Mwalimu mwenzangu, mada hii haihitaji maabara ya gharama. Chora njia zote kwenye ubao mmoja, weka alama zinapokutana, kisha waache wanafunzi wazifunge wenyewe na kueleza kinachofuata.