Balbu hii ni ya mwaka gani?

Swali: Nimenunua balbu ya zamani ya Kimarekani. Juu ya kioo ina kincha kidogo, na ndani uzi mweusi umejikunja. Nitajuaje umri wake?

Jibu: Anza na hicho kincha. Zamani hewa ilinyonywa kupitia kibomba kilichounganishwa kileleni. Kioo kilipoyeyushwa ili kuziba, ncha ikabaki. Kuanzia miaka ya 1920 kibomba kilihamishiwa chini, ndani ya kitako, na vichwa vikawa laini. Kwa hiyo yako huenda ni ya kabla ya hapo, ingawa balbu za mapambo zinazoigiza za kale nazo huwekewa ncha.

Uzi mweusi ni wa kaboni. Usiutegemee peke yake, kwani balbu za kaboni ziliendelea kuuzwa miaka mingi baada ya William Coolidge kufanikiwa kuvuta nyuzi imara za tangsteni, karibu 1910. Wa tangsteni hung'aa kijivu na katika balbu za mwanzo hupanda na kushuka kwa mistari mirefu.

Sasa igeuze. Mimi hukitazama kitako kuliko kitu kingine chochote. Ukiona plasta nyeupe kuzunguka kile kidoti cha shaba katikati, furahi: mara nyingi hiyo ni ya miaka ya 1880 au 1890. Kioo cheusi au cha zambarau ni cha karne ya 20.

Tafadhali usiijaribu kwenye umeme wa nyumbani. Ilitengenezwa kwa takriban volti 110. Kwa 230 itaungua papo hapo.