Je, Embe Ndilo Linaloleta Chunusi? Daktari wa Ngozi Ajibu Maswali ya Wasomaji

Kati ya Novemba na Februari, maembe yanapojaa masokoni kuanzia Tabora hadi Malindi, maswali kuhusu chunusi nayo huongezeka. Wengi wanaotuandikia wameshaacha tunda fulani, au wamekatazwa na wazazi wao, na ngozi bado inawasumbua. Tumechagua maswali yanayojirudia zaidi.

Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 15. Kila maembe yakiingia anatoka chunusi, na bibi yake amemkataza kabisa kuyala kwa sababu yana joto na yanachafua damu. Ni kweli? (Mama, Tanga)

Marahaba, mama. Damu ya binti yako haijachafuka. Chunusi inaanzia kwenye ngozi yenyewe. Kila kinyweleo cha usoni kina tezi ndogo ya mafuta pembeni yake. Msichana akivunja ungo, au mvulana akibadilika sauti, homoni huzichochea tezi hizo kutoa mafuta mengi kuliko zamani. Wakati huohuo seli zilizokufa hunata ndani ya kitundu badala ya kupukutika, kitundu kinaziba, bakteria waliokuwa wakiishi humo siku zote wanaongezeka, na mwili unapigana nao. Hapo ndipo unapoona uvimbe, maumivu na usaha. Umri wa binti yako ndio umri wenyewe wa mambo haya.

Tena safari hiyo ya kuziba ni ndefu. Chunusi unayoiona leo asubuhi ilianza kujijenga chini ya ngozi wiki kadhaa nyuma, kwa hiyo embe alilokula jana halihusiki nayo.

Hata hivyo, nisingependa umrudie bibi na kumwambia kwamba ameota. Ameona kitu cha kweli, ila mambo mawili yamekutana msimu mmoja. La kwanza ni hali ya hewa. Maembe huiva wakati wa joto kali, jasho linatoka usiku na mchana, na ngozi yenye mafuta huwa na shida zaidi katika unyevu huo. La pili ni utomvu. Chukua embe lililochumwa sasa hivi, livunje kikonyo: kitatoka kimiminika kinachonata, chenye harufu kali, nacho huteremka juu ya ganda na kukaukia hapo. Embe na korosho ni ukoo mmoja wa mimea. Wabanguaji wa Mtwara na Lindi wanajua jinsi mafuta ya ganda la korosho yanavyounguza vidole, na utomvu na ganda la embe vina kemikali za jamii hiyohiyo, ingawa makali yake ni madogo. Mtoto anayeng'ata embe na ganda lake, au anayelitoboa ncha na kulinyonya, anajipaka kemikali hizo mdomoni.

Kutofautisha vipele vinavyoletwa na utomvu na chunusi yenyewe si kazi ngumu. Vipele vya utomvu vinawasha sana, ni vidogo, vingine vina maji, na vinakaa pembe za mdomo, kidevuni, wakati mwingine kwenye vidole, siku moja au mbili baada ya kula. Chunusi haina muwasho mkubwa. Ina vichwa vyeusi na vyeupe, na inapenda paji la uso, mashavu, kifua na mgongo. Kama ni utomvu, dawa ni kuliosha embe kwa maji mengi, mtu mwingine alimenye kwa kisu, kisha binti apewe nyama yake kwenye sahani, na asikwangue ganda kwa meno. Ikiwa hata hivyo midomo inavimba au koo linabana, huo ni mzio wa kweli: asile tena, na mpeleke hospitali haraka.

Kama ni chunusi, mpe embe lake. Kumnyima kunamfundisha kwamba uso wake ni kosa lake, na msichana wa miaka 15 tayari ana mzigo wa kutosha kila anapojitazama kwenye kioo.

Nimesoma kwamba sukari ndiyo chanzo cha chunusi. Kwa hiyo nimeacha matunda yote, hata ndizi na tikiti maji. Nimefanya vizuri? (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Umeshika ncha ya kweli, ila umeadhibu asiyehusika.

Ukila chakula kinachopandisha sukari ya damu kwa kasi, mwili hutoa insulini nyingi. Insulini ikipanda mara kwa mara, huchochea homoni nyingine za ukuaji, na hizo huzihimiza tezi za mafuta na kuongeza seli zinazoziba vitundu. Mwaka 2007 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya vijana wa kiume 43 wenye chunusi, wa miaka 15 hadi 25, waliofuatiliwa kwa wiki 12. Waliopunguza vyakula vya kupandisha sukari haraka walipungukiwa na chunusi kuliko wenzao walioendelea kula kama kawaida. Ni utafiti mdogo, na vijana wale pia walipungua uzito, kwa hiyo hatuwezi kusema kila kitu kilitokana na chakula. Lakini angalia walichoambiwa wale: wapunguze vyakula vya wanga uliokobolewa na sukari, wale nafaka zisizokobolewa, samaki, nyama isiyo na mafuta, na matunda. Matunda yalikuwa upande wa vyakula vinavyoruhusiwa.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi. Kisiwa cha Kitava kipo Papua New Guinea. Mwaka 2002 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi wa wakazi wake 1,200, wakiwemo vijana 300 wa umri ule ambao chunusi hutawala. Hakuna hata mmoja aliyekutwa na chunusi. Walikuwa wakila viazi na mizizi, samaki, nazi na matunda kwa wingi, na karibu hawakugusa sukari ya dukani wala unga mweupe. Huenda asili yao ya kuzaliwa inachangia, lakini mtu anayedai kwamba tunda tamu peke yake linaharibu ngozi anapaswa kwanza kuwaeleza watu wa Kitava.

Tunda zima linakuja na nyuzinyuzi na maji, na unalitafuna taratibu. Tikiti maji ni zaidi ya asilimia 90 maji. Ndizi mbivu moja, embe la kiasi, vipande vya papai au nanasi havikupeleki kwenye hatari. Badala ya kuacha ndizi, jiulize juu ya soda mbili za siku, chai yenye vijiko vitano vya sukari, maandazi ya asubuhi na mkate mweupe wa jioni. Shirika la Afya Duniani linashauri tule angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na wewe hapo umebaki na mboga peke yake.

Mimi soda nimeacha kabisa. Nakunywa juisi freshi ya embe au miwa, glasi mbili tatu kila siku. Mbona uso haujatulia? (Kijana, Mombasa)

Ndugu yangu, simama siku moja kando ya anayekutengenezea juisi umtazame mikono. Glasi moja ya machungwa inabeba matunda matatu au manne, ambayo ukipewa uyamenye na kuyala ungechoka ukiwa kwenye la pili. Makapi yanayochujwa na kutupwa ndiyo nyuzinyuzi zilizokuwa zikichelewesha sukari. Kisha kwenye embe huongezwa sukari ya kopo. Juisi ya miwa haihitaji hata kuongezwa, maana ni sukari iliyoyeyuka kwenye maji yake, ikatiwa ndimu na tangawizi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaiweka sukari ya juisi, hata isiyoongezwa kitu, kundi moja na sukari ya mezani na ya soda. Inashauriwa zote pamoja zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama vijiko 12 vya chai kwa mtu mzima wa kawaida. Glasi zako tatu zinaweza kufika huko kabla hujala chochote. Kula embe. Kunywa maji, au maji ya dafu ukitaka ladha, lakini nayo kwa kiasi.

Parachichi na karanga zina mafuta. Si ndiyo yanayotokea usoni? (Msomaji, Njombe)

Hapana. Mafuta ya usoni hutengenezwa ndani ya tezi kwa amri ya homoni. Hayasafiri kutoka tumboni mpaka kwenye paji la uso. Ukiwa Njombe, nchi ya parachichi, kula kwa raha. Karanga pia hazina kesi ya kujibu. Kitu ambacho angalau kina ushahidi kiasi dhidi yake ni maziwa, hasa yaliyotolewa mafuta, na ile poda ya protini ya maziwa wanayokunywa vijana wa gym.

Mafuta yenye lawama ni yale yanayopakwa. Mwaka 1970 madaktari wa Marekani waliieleza chunusi ya watu weusi inayojipanga kwenye paji la uso na kando ya nywele, wakaona inafuata mafuta mazito ya kichwani. Tunaiona kila siku kwa wanaosuka na kupaka mafuta mgando. Mafuta ya nazi ni mazuri kwenye wali na samaki, lakini usoni kwa mwenye chunusi huziba vitundu.

Basi kuna tunda linaloponya? Rafiki zangu wanapaka ndimu na papai usoni. (Dada, Kigoma)

Dada yangu, hapa naomba unisikilize vizuri. Ndimu na limau zina kemikali ambazo zikikutana na jua juu ya ngozi huiunguza. Inaweza kuchukua siku moja au mbili kabla ya kuona malengelenge, na yakipona yanaacha madoa meusi yanayokaa miezi. Nimewaona wasichana waliokuja na chunusi chache na ramani nyeusi shavuni, michirizi ikionyesha ni wapi maji ya ndimu yaliteremka. Ngozi yetu nyeusi huweka alama kwa urahisi kila inapoumizwa, kwa hiyo kinachounguza au kuchubua ni adui mkubwa kwetu kuliko chunusi yenyewe. Papai bichi nalo lina utomvu unaomeng'enya protini, ndiyo maana hutumika kulainisha nyama. Usiupake.

Na wanaokimbilia mkorogo ili kufuta madoa wanajiongezea tatizo. Krimu nyingi za namna hiyo zina steroidi, nazo zenyewe huleta vipele vinavyofanana na chunusi. Nyingine zimekutwa na zebaki.

Kwa kula, papai na embe vina viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A, na machungwa na mapera yana vitamini C. Vyote vinasaidia ngozi kupona vidonda kama ilivyo kawaida yake. Havitibu chunusi. Wala usinunue vidonge vya vitamini A ukijitibu mwenyewe, maana vikizidi vinadhuru ini, na kwa mjamzito vinaweza kumlemaza mtoto tumboni.

Tende je? Ramadhani inakuja. (Msomaji, Muscat)

Tende tatu za kufuturu hazina tatizo. Tende zina sukari nyingi kwa uzito wake, kwa hiyo shida inaanza unapozila sahani nzima huku ukishushia sharubati, kisha kaimati zinafuata. Ukianza na tende na maji, ukaja kwenye chakula chenye kunde, samaki na mboga, ngozi yako haitakuwa na malalamiko mapya.

Mimi nina hakika kuna tunda linanidhuru. Nijipime vipi? (Msomaji, Nairobi)

Inawezekana, kwa sababu miili inatofautiana, na chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani katika mwongozo wake wa 2024 kilisema ushahidi bado hautoshi kumpangia kila mwenye chunusi chakula maalumu. Jaribu hivi. Chagua kitu kimoja tu. Piga picha ya uso dirishani, saa ileile, mwanga uleule. Kiache kwa wiki nane hadi kumi na mbili bila kubadilisha sabuni, mafuta wala dawa. Piga picha tena, kisha kirudishe uone. Wiki moja haikuambii lolote, na ukiacha vitu vitano kwa pamoja hutajua ni kipi.

Wakati unajaribu, usiache kutibu. Osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, usisugue, usikamue. Mfamasia anaweza kukupa benzoili peroksaidi. Anza na ya asilimia 2.5, pakaa nyembamba usiku mmoja na kuacha mmoja mpaka ngozi izoee, na tumia foronya nyeupe kwa sababu inachubua rangi ya kitambaa. Subiri miezi miwili kabla ya kuihukumu.

Usisubiri kama uvimbe ni mkubwa na unauma chini ya ngozi, kama makovu yameanza kuchimba, au kama wewe ni mwanamke ambaye hedhi imevurugika na ndevu zinaota kidevuni. Nenda kwa daktari wa ngozi. Hospitali za rufaa nyingi zina kliniki ya ngozi, na hata kwenye vituo vidogo unaweza kumkuta tabibu aliyesomea magonjwa ya ngozi pale KCMC Moshi, ambako kituo cha mafunzo ya fani hii kwa kanda yetu kimekuwa kikifundisha tangu 1992. Nenda na kila krimu unayopaka, pamoja na kopo lake.