Huzuni Inayokuja na Majira

Ukifika Remba kwa mashua kutoka Mbita au Sori, kitu cha kwanza unachokiona ni mabati. Kisiwa chenyewe ni mwamba mdogo, na nyumba zimebanana hata mtu akikohoa usiku jirani humwambia pole. Humo wanaishi wavuvi wa Kenya, Uganda na Tanzania, wengine pamoja na wake zao, wengine wamewaacha bara. Leo tuzungumze juu ya jambo linalowasumbua wana ndoa wa mahali kama hapo, ambalo mara nyingi hupewa jina lisilo lake: mwenzi kuzama katika huzuni kila mwaka, majira yale yale.

Chukua mvuvi wa omena. Wakati wa giza hutoka jioni na taa zake, omena huifuata nuru, naye hurudi alfajiri. Mchana hulala ndani ya nyumba ya mabati iliyofungwa. Mwezi ukikaribia kujaa, omena hawaijali tena taa, na mashua hupandishwa ufuoni. Sasa mume yupo nyumbani usiku, na mke alitazamia furaha. Lakini mume hapati usingizi, kwa maana mwili umezoea kukesha. Asubuhi hataki kuamka. Watoto wakimsogelea huwafukuza. Ukimwuliza jambo, jibu ni neno moja.

Hiyo ni huzuni ya siku chache. Kubwa zaidi ni ile ya miezi. Kwa miaka mingi sheria ya Kenya imefunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wapate kuzaana. Ni sheria yenye sababu njema, lakini tumbo la mtoto halisomi sheria. Na mwanzo wa miezi hiyo ndio wakati wa masika. Mama anayeanika omena anajua mvua inavyomfanyia: hata wale wachache waliopatikana huoza juu ya nyavu, na kilichotarajiwa kuuzwa kwa chakula cha watu huuzwa kwa chakula cha kuku. Basi msidhani huzuni hii ni ya wanaume tu. Mama naye huinama, ila yeye huinama huku anapika, kwa hiyo haonekani.

Hapo ndipo ndoa inapojeruhiwa, kwa sababu kila mmoja humsoma mwenzake vibaya. Mke hujiambia, "Baba watoto amenichoka, ana mwingine kule Ringiti." Mume hujiambia, "Mama watoto ananidharau kwa kuwa sina kitu." Mmoja hutafuta mchawi, mwingine hutafuta chang'aa. Na katika miezi ya uhaba ile desturi mbaya ya jaboya, ya mwanamke kudaiwa mwili wake ili auziwe samaki, hupata nguvu zaidi. Mume aliyelala akiutazama ukuta hajui mkewe alikutana na nini ufuoni asubuhi hiyo. Pengine hajauliza.

Wataalamu wamejifunza mengi juu ya huzuni ya majira, ingawa walijifunza mbali na ziwa letu. Katika nchi za kaskazini wakati wa baridi mchana huwa mfupi sana. Mjini London mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi jioni. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani na kuuonja mwenyewe uzito wa majira hayo, aliandika pamoja na wenzake juu ya wagonjwa waliozama katika huzuni kila baridi inapoingia na kuinuka jua linaporudi. Walilala kupita kiasi, walitamani vyakula vya wanga na vitamu, walijitenga na watu, wakakosa hamu ya mambo waliyoyapenda, tendo la ndoa likiwemo. Dawa mojawapo ni nuru yenyewe: mgonjwa huketi kila asubuhi karibu nusu saa mbele ya taa yenye mwanga mkali sana.

Utasema, sisi jua tunalo. Ni kweli. Remba iko chini ya digrii moja kutoka Ikweta, na mchana wa Juni na ule wa Desemba hupishana kwa dakika chache tu. Ugonjwa ule wa baridi si wetu, wala tusiuvae kama koti la kuazima. Huzuni yetu ina mizizi yake: uhaba, deni, kukaa bure, na usingizi uliovurugika. Lakini mafundisho mawili yanatufaa. La kwanza, mwili una saa yake, na saa hiyo hurekebishwa na nuru ya asubuhi. Mtu anayekesha ziwani na kulala gizani mchana ameivuruga, hata kama jua linawaka juu ya bati lake. Kwa hiyo siku za mbalamwezi aamke saa ile ile kila siku na atoke nje mapema, hata kama ni kushona nyavu tu, na mke aketi naye. Kutembea na kufanya kazi ya mikono husaidia. Pombe haisaidii, huuharibu usingizi na kuiongeza huzuni.

La pili, na kwangu ndilo kubwa: huzuni yenye majira inaweza kungojewa. Ajuaye kwamba Aprili inakuja hana haja ya kushangaa Aprili. Ketini pamoja mwezi wa Februari, wakati wa giza bado una fedha. Amueni ni kiasi gani kitaingia kwenye chama kila wiki, nani atashughulikia karo, na baba atafanya kazi gani miezi ile. Kisha semeni lile gumu: "Nikinyamaza mwezi wa Mei, si kwamba nimekuchoka. Niulize tena." Maneno hayo yakisemwa mapema yana kazi kubwa kuliko yakisemwa baada ya ugomvi.

Mnakumbuka nabii Eliya alivyokaa chini ya mti akaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akampa tena. Hotuba juu ya imani haba inaweza kungoja uji.

Neno kwa wale ambao mwenzi wao anafanya kazi Ulaya. Akianza kupokea simu kwa uvivu mwezi wa Novemba, usikimbilie kudhani amepata mwingine. Mpigie saa tisa alasiri yetu, ambayo London wakati wa baridi ni saa sita mchana, umwombe atoke nje mzungumze akitembea kwenye mwanga. Na umsihi amwone daktari.

Hata hapa kwetu, huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, mtu asile, asilale, au aseme kwamba wenzake wangekaa vizuri bila yeye, hayo si mambo ya kungojea mwezi upungue. Mpelekeni kituo cha afya, na msimwache peke yake. Wengi wamenyamaza kwa kuogopa polisi. Lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na Katiba. Mwambieni mgonjwa hivyo. Na padre au katekista akiitwa, aitwe pamoja na mganga wa hospitali.

Kwa mazungumzo yenu ya juma hili, zimeni redio na muulizane: Ni mwezi gani katika mwaka ninapokuwa mgumu kuishi nami? Wewe huniona nikibadilika kwa dalili gani ya kwanza? Anayeulizwa ajibu, na anayeuliza asijitetee mpaka mwenzake amalize.