SOMO LA MWEZI: NENO "SLOW" NA MAANA ZAKE



Jioni moja mzazi wa mtaa wetu alinijia ameshika ripoti ya shule ya binti yake. Chini ya alama mwalimu alikuwa ameandika neno moja tu la Kiingereza: "Slow". Mzazi alikuwa amemwuliza jirani maana yake, akajibiwa, "Ni mjinga, akili nzito." Basi alikwisha kata shauri: ada ya muhula ujao hailipi, binti akae nyumbani asaidie shambani.

Kabla sijawaambia mwisho wa habari hiyo, na tulitazame neno lenyewe.

1. Matumizi ya kila siku

Maana ya kwanza ni mwendo usio wa kasi. Neno hili likiwa limeandikwa barabarani, dereva aelewe: punguza mwendo. Kwa kitendo hicho Waingereza husema "slow down", na pengine "slow up". "Down" ni chini na "up" ni juu, lakini hapa maana ni ile ile moja!

Lakini neno hili halikai barabarani tu. Saa ikiwa "slow", iko nyuma. Biashara ikiwa "slow", wanunuzi ni wachache. Moto wa kupikia ukiwa "slow", ni moto mdogo. Wafanyakazi wakifanya "go-slow", huo ni mgomo baridi. Na daktari akimwambia mzee "slow down", hamwambii atembee polepole, bali apunguze kazi na kupumzika.

2. Asili yake

Zamani sana neno hili lilikuwa la lawama. Katika Kiingereza cha kale lilimtaja mtu mvivu au mzito wa kufahamu. Kutoka humo lilizaliwa neno "sloth", yaani uvivu, ambao walimu wa Kanisa waliuhesabu katika dhambi saba kuu. Ndiyo maana Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika Tito 1:12, hutumia "slow" kwa matumbo ya watu walafi na wavivu.

Sisi Waswahili tunalo neno "taratibu", ambalo pia ni mpango mwema. Kwetu mtu wa taratibu husifiwa. Twasema, haraka haraka haina baraka. Hata hivyo twasema pia, ngoja ngoja huumiza matumbo.

3. Katika Maandiko

Fungueni Biblia zenu mlinganishe. Katika Kutoka 4:10 Musa asema kwamba yeye si msemaji. Kiingereza chasema ulimi wake ni "slow", Kiswahili chasema ni mzito. Katika Luka 24:25 Bwana awakemea wale wawili wa njia ya Emau kwa mioyo yao mizito. Neno la Kiingereza ni lile lile, na hapa ni lawama.

Lakini katika Zaburi 103:8 Mungu mwenyewe ni "slow" katika hasira, na hapo ni sifa kuu. Watafsiri wetu hawakuthubutu kusema "mzito". Walitumia neno "upesi" wakalikanusha. Katika Yakobo 1:19 nasi twaagizwa vivyo hivyo kuhusu kusema na kukasirika, ila katika kusikia tuwe wepesi. Tena 2 Petro 3:9 yatuambia kwamba Bwana hakawii katika ahadi yake, bali avumilia ili watu watubu.

Basi neno ni moja, lakini uzito wa ulimi si uzito wa moyo, na uvumilivu si uvivu.

4. Mwisho wa habari

Kesho yake tulikwenda na yule mzazi kwa mwalimu. Mwalimu alishtuka. Alieleza kwamba binti huandika kwa uangalifu mno, kengele hulia kabla hajamaliza, lakini yale anayoandika huwa ni sahihi. Alikiri kwamba neno moja halikutosha, akaongeza sentensi mbili kwa Kiswahili. Mzazi alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nilikuwa karibu kumhukumu mwanangu kwa neno nisilolijua." Ada ililipwa, na binti akaendelea na masomo.

Ndugu zangu, mzazi yule alikuwa mwepesi wa kukasirika. Lakini alikuja kuuliza, na swali hilo moja ndilo lililomwokoa mtoto.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, tunao watoto tuliowaita wazito kabla ya kuuliza sababu?
2. Ni wapi katika nyumba zetu twahitaji kupunguza mwendo?
3. Ni jambo gani jema tunalolikawiza na kuliita uvumilivu?